Githurai mbili, zimamoto moja

Githurai 44 iko Nairobi. Githurai 45, ng'ambo ya barabara kuu ya Thika, iko Kaunti ya Kiambu. Mchuuzi wa nyanya huuvuka mpaka huo kutwa kucha bila kuukumbuka, lakini nyumba ikishika moto usiku wa manane, mpaka ndio unaoamua ni kikosi gani chenye wajibu wa kufika. Hali ni hiyo hiyo Ruaka, Rongai, Syokimau na Mlolongo. Kitengela na Athi River zimeshikana kiasi kwamba mgeni hawezi kujua Kajiado imeishia wapi na Machakos imeanzia wapi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 9.3 katika kaunti nne za Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na wapo wengi wanaolala kaunti moja na kufanya kazi katika kaunti nyingine. Magavana wa kaunti hizi nne wanapaswa kuunganisha vikosi vyao vya zimamoto chini ya mamlaka moja, na sheria ya kufanya hivyo wanayo tayari mikononi.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la kuzima moto na kukabili majanga. Jambo hilo lilikuwa na busara yake, kwani anayeishi karibu na moto ndiye anayejua njia ya kuufikia. Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo haikutaka kaunti 47 ziwe visiwa 47. Ibara ya 189 inaziruhusu kushirikiana na kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hakuna haja ya kubadili Katiba, wala ya kuhamishia kazi hii kwa Serikali Kuu jinsi Tanzania ilivyoamua kwa Sheria Na. 14 ya 2007 iliyoweka msingi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania Bara. Leo kikosi cha jirani kikivuka mpaka kinavuka kwa hisani. Hisani ni njema, ila huanza na kuombwa, na wakati inaombwa moto unakula. Gari la zimamoto lililobeba lita elfu chache likifungulia maji kwa nguvu humaliza tangi kwa dakika chache tu, kisha wazimamoto hubaki wameshika mpira mtupu hadi gari la pili lifike. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka Embakasi na kujeruhi watu zaidi ya 200, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba moto wa aina ile unamzidi mtu mmoja na kituo kimoja. Swali la maana ni kama gari la pili na la tatu yatatoka yalipo karibu zaidi, au yatatoka ndani ya kaunti hata kama kuna jirani aliye karibu.

Kuvuka mpaka peke yake hakutoshi. Februari 7, 1904, moto uliwaka katikati ya jiji la Baltimore, Marekani. Washington ilituma wazimamoto wake kwa treni, na Philadelphia na New York zikafuata. Walifika wakiwa na mashine nzuri na ari ya kazi, halafu wakagundua kwamba maungio ya mipira yao hayakuingia kwenye mabomba ya Baltimore. Nyuzi za maungio hazikulingana. Maji yalikuwepo chini ya barabara, watu walikuwepo juu yake, na kilichokosekana kati yao ni pete ya chuma yenye kipimo kimoja. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Uchunguzi uliofuata ulikuta nchini humo aina zaidi ya 600 za maungio, kwa sababu kila mji ulinunua vifaa vyake kwa wakati wake. Kaunti zetu nazo zinanunua hivyo: kila moja na zabuni yake, bajeti yake na muuzaji wake. Mamlaka ya pamoja ingenunua kwa kipimo kimoja, ingefunza kwa mtaala mmoja, na ingeweka redio zinazosikilizana. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ninayoiona, kubwa hata kuliko fedha zitakazookolewa.

Kuna wanaohofia kwamba mamlaka ya pamoja ni mlango wa nyuma wa kuzinyang'anya kaunti kazi zao, na hofu yao ina msingi. Wanakumbuka Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyoendesha majukumu ya kaunti kuanzia 2020 huku City Hall, makao ya kaunti hiyo, ikilalamika. Lakini mkataba uliohamisha majukumu yale uliyapeleka kwa Serikali Kuu. Chini ya Ibara ya 189 kazi inabaki ya kaunti, na wanaokaa kwenye bodi ni wa kaunti. Wengine watataja mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, iliyoundwa 2017 kwa kaunti tano. Mistari myekundu ya mabasi ya mwendo kasi ilichorwa barabara ya Thika mwaka uliofuata, ikafifia kabla ya basi lolote la mradi kupita. Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba mradi ule ulihitaji kujengewa karibu kila kitu upya, ilhali zimamoto ina watu, magari na vituo tayari, kuanzia kituo cha Tom Mboya katikati ya jiji. Kinachokosekana ni amri moja ya kuvituma.

Amri hiyo inaweza kuvurugwa pia. Uingereza ilijaribu kubadili vituo 46 vya kupokea simu za moto viwe 9 kwa mfumo mpya wa kompyuta. Vikosi vya mashinani havikuridhika, mradi ukafutwa Desemba 2010, na mkaguzi wa serikali akakadiria hasara isiyopungua pauni milioni 469. Scotland ilipita njia nyingine: Aprili 2013 iliunganisha vikosi vinane kuwa kimoja, na kulinganisha mishahara na masharti ya kazi kulichukua miaka. Hapa kwetu mishahara ndiyo itakayoleta kelele. Mzimamoto wa Kajiado hatakubali kuingia jengo lenye moshi ubavuni mwa mwenzake wa Nairobi ikiwa huyo analipwa zaidi kwa hatari ile ile, na ana haki. Fomula ya kuchangia gharama, kwa idadi ya watu na ya miito, iandikwe kabla ya kubadilisha nembo hata moja.

Muungano huu hautapanua vichochoro vya Mukuru, wala hautaleta maji katika soko la Gikomba, ambako watu 15 walikufa kwa moto wa alfajiri Juni 2018. Hayo yanahitaji mipango ya miji na mabomba. Hata hivyo, kuna hatua isiyosubiri bodi wala mswada. Kila kaunti itume fundi mmoja na mpira mmoja wa zimamoto pale Githurai, wajaribu kuiunganisha yote minne kwenye bomba moja, kisha wananchi waambiwe ni mingapi iliyoingia.