Kobalti inatoka Kolwezi, lakini wasio na meno wanasahauliwa

Kobalti ya Kolwezi inajulikana duniani kwa sababu ya batri za simu na za magari. Wachache wanajua kwamba madini hayo yanaingia pia katika kinywa cha binadamu. Fremu nyembamba ya chuma inayobeba meno ya bandia, yale ambayo wengi kwetu wanaita dantie, mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti, karibu asilimia 60, na kromu. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Lakini mzee wa Manika au wa Dilala aliyeng'olewa meno, mara nyingi anarudi nyumbani na pengo lake, basi.

Hili si jambo la urembo tu. Asiye na meno ya nyuma hawezi kutafuna nyama, karanga wala mahindi ya kuchoma. Anabaki na bukari na mchuzi. Maneno yanamtoka vibaya, mashavu yanaingia ndani, na wengine wanaanza kukimbia watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wenye miaka 60 na zaidi, asilimia 23 hawana jino hata moja.

Dantie ni za aina mbili. Ile kamili inakaa juu ya ufizi wa mtu asiye na jino lolote. Ile ya sehemu inashikiliwa na ndoano kwenye meno yaliyobaki. Zote zinavaliwa na kuvuliwa kila siku, tena zinatengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu mmoja: mganga anachukua alama ya ufizi, anapima namna taya zinavyokutana, halafu anajaribisha kabla ya kumaliza. Jino likitoka, mfupa unaendelea kupungua, kwa hiyo dantie inalegea na inahitaji kurekebishwa. Anayekugandishia jino la plastiki kwenye meno mazima, bila kukupima, anakuletea hasara: chakula kinakwama pale, na meno mazima yanaoza.

Pesa iko wapi? Sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu na migodi. Jimbo nalo linapata asilimia 25 ya mrabaha wa madini. Kuna watakaosema malaria na uzazi vitangulie. Ni kweli. Lakini karakana moja ya meno katika hospitali ya serikali, na fundi aliyesomea kazi hiyo, haiondoi dawa ya malaria. Tena kiti hicho hicho cha mganga kitaokoa meno ambayo leo yanang'olewa kwa sababu mgonjwa alichelewa, au kwa sababu kung'oa ndiko kulikokuwa bei rahisi.

Wakaaji wanaokaa katika kamati za fedha hizo waulize jambo hili kwenye mkutano ujao. Na mwenye dantie aivue usiku, aisafishe kwa brashi na sabuni, asitumie maji ya moto. Kidonda cha mdomo kikipita wiki mbili bila kupona, aende kwa mganga.

Jimbo linalouzia dunia kobalti lisishindwe kumrudishia mzee wake uwezo wa kutafuna.