Jumamosi Haikodishwi

Wale wa kunitukana anzeni kuchapa mapema, kwa sababu nasema hivi: klabu ndogo inayojitegemea haifai kukubali usiku wa house wenye jina la kukodi. Sio mara moja kwa mwezi, sio "tujaribu tu tuone". Hapana.

Najua kwa nini moto umewaka. Kuna klabu moja Westlands, sitaitaja, imeletewa ofa ya aina hiyo na mashabiki wake wamegawanyika. Nusu wanasema hatimaye Nairobi imefika. Kwani ilikuwa wapi?

Wacha nieleze hii dili, maana wengi mnabishana bila kuijua. Kampuni ya nje ina jina, nembo, mtindo wa mabango na orodha ya madeejay. Klabu inalipia haki ya kutumia hilo jina usiku mmoja. Juu ya hiyo kuna ndege, hoteli na malipo ya deejay mkuu. Halafu kuna KRA: msanii asiye mkazi wa Kenya hukatwa ushuru wa asilimia 20, na mkataba ukisema lazima apokee pesa zake zikiwa kamili, huo mzigo unabebwa na mwenye klabu. Sasa mlango uliokuwa soo tano unakuwa elfu tatu. Na wewe wa soo tano uko wapi? Uko kwa nyumba unaangalia stori za wenzako kwa simu.

Lakini pesa sio kitu kinanisumbua sana. Kinachonisumbua ni nani anabaki na watu. Ukurasa wa Instagram wa ule usiku ni wa kampuni. Picha ni zao. Namba za simu za walionunua tiketi, kama hukusoma mkataba vizuri, ni zao pia. Klabu inawajengea umati mwaka mzima, kisha hoteli kubwa yenye maegesho inawaita, na wanahama na kila mtu. Ni sawa na mwenye nganya kuipaka rangi za sacco nyingine. Mafuta analipa yeye, dereva ni wake, faini za kanjo ni zake, lakini siku akitoka kwa hiyo sacco abiria wanabaki steji wakingoja zile rangi.

Na deejay wa nyumba je? Huyo jamaa amecheza pale Alhamisi za mvua wakati watu walikuwa kumi na wawili, wawili wao mabaunsa. Anajua kona gani bezi inapotea. Anajua saa tisa usiku wale wa Rongai huanza kuhesabu nauli, so hapo ndipo anatoa ngoma ya kuwafanya wasahau. Usiku wa jina la kukodi ukifika, anapewa zamu ya saa tatu hadi saa tano, wakati nyinyi bado mko kwa nyumba ya mtu mkinywa za bei rahisi kabla ya kutoka. Anachezea viti. Halafu bango linamweka chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa, "na wengine".

Kichekesho ni kwamba house yenyewe imetoka kwa deejay wa nyumba. Mwaka 1977, Chicago, klabu inaitwa The Warehouse. Frankie Knuckles, kijana wa New York, akaletwa kucheza pale na akakaa hadi 1982. Waliokuja walikuwa wengi wao vijana weusi na Walatino, wapenzi wa jinsia moja, watu waliofungiwa milango kwingine. Jina "house" linasemekana kutokana na hiyo Warehouse. Watu waliingia duka la santuri wakiuliza zile ngoma za pale. Fikiria hiyo. Chumba kimoja, mtu mmoja anayekijua, watu wale wale kila wiki, na dunia nzima ikapata aina ya muziki. Mwaka 2004 kipande cha barabara pale kilipewa jina la Knuckles, na mmoja wa waliosaidia ni seneta wa jimbo anayeitwa Barack Obama. (Siaya, msijifanye hamjasikia.)

Linganisha na Pacha. Klabu ya Uhispania, ilianza 1967 Sitges, ikaja Ibiza 1973, kisha nembo ya cheri mbili ikasambazwa miji mingi. Kwa Kiswahili jina limejisema lenyewe: wanazaa mapacha. Ukiingia, picha yako ingeweza kuwa imepigwa popote.

Mtasema napinga wageni. Hapana bana. Angalia "Mwaki", 2023. Zerb ni Mbrazili, Sofiya Nzau anaimba kwa Kikuyu, na Tiësto mwenyewe akaifanyia rimiksi. Mgeni na mwenyeji walikutana kwa ngoma, na dunia ikacheza Kikuyu bila kujua maana. Hakuna aliyehitaji kubandika nembo ya mwingine kwa mlango wake.

Najua pia mwenye klabu ana stresi zake. Kodi ya Westlands haina huruma, leseni za kaunti ziko, wahudumu wanangoja mshahara, na Januari hakuna mtu anatoka. Ofa ya jina kubwa inaonekana kama maji jangwani. Sawa, leta mgeni. Mlete kwa jina la klabu yako, kwa bango lako, mgawane pesa za mlango. Deejay wako abaki na saa saba usiku, mgeni acheze kabla au baada yake. Ukijaza, umejaza wewe. Usipojaza, angalau umepoteza usiku mmoja tu.

Na kama tayari kalamu iko mkononi, futa mistari miwili: ule unaokukataza kuandaa usiku mwingine wa house kwa klabu yako mwenyewe, na ule unaowapa namba za simu za watu wako. Wakikataa kufutiwa hiyo miwili, ujue walikuja kutafuta nini.

Wale mnaojua klabu ninayosema, deejay wa nyumba bado ana Alhamisi yake. Mlango bado ni soo tano. Fikeni kabla ya saa tano asichezee viti.