Kitabu cha mtandaoni kikidoda, tusimlaumu msomaji kwanza

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vitabu mtandaoni, methali hii imewaponza waandishi wengi.

Kila Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu yanapoandaliwa jijini Nairobi, hurudiwa kilio kile kile: Wakenya hawapendi kusoma. Kilio hicho sasa kimepata waombolezaji wapya, yaani waandishi wanaojichapishia vitabu vya kielektroniki, wakavipandisha mtandaoni, kisha wakaketi kusubiri mrabaha usiofika.

Makala haya hayakusudii kukana kwamba utamaduni wetu wa kusoma una upungufu. Hoja yangu ni kuwa kitabu kinapododa, msomaji ndiye wa mwisho kustahili lawama. Baina yake na kitabu pana milango minne: kukiona, kukiamini, kukilipia na kukifungua. Mwandishi asiyejua ni upi uliofungwa hunywa dawa ya maradhi ambayo hajayapima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mstaafu wa Kitui amefuga nyuki kwa miaka 20 na kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa ufugaji huo. Kitabu ni kizuri. Hata hivyo, katika miezi sita ameuza nakala tisa, saba kati ya hizo zikinunuliwa na jamaa zake.

Ushauri wa kwanza atakaopewa ni apunguze bei. Ushauri huo ni wa pupa, kwani bei haina maana kwa mtu ambaye hajui kitabu kipo.

Tuanze basi na mlango wa kuonekana. Tuseme mwalimu wetu amekiita kitabu chake 'Dhahabu ya Msituni'. Ni jina tamu, lakini mfugaji ambaye mizinga yake imebaki mitupu hatafuti dhahabu kwenye simu yake. Huandika: "Kwa nini nyuki huhama mzinga?" Majibu yamo kitabuni: siafu, ukosefu wa maji, joto kali, uvunaji wa fujo. Lakini hakuna hata moja linaloonekana katika jina, jina dogo la jaladani wala maelezo ya kitabu.

Kindle Direct Publishing, huduma ya kampuni ya Amazon, humpa mwandishi nafasi saba za kujaza maneno ambayo wasomaji huenda wakayatumia kutafuta kitabu. Anayejaza 'kitabu', 'kilimo' na 'asali' amekitosa kitabu chake baharini. Kitabu cha fani finyu hutafutwa kwa maneno finyu.

Hapa pia pana kikwazo kisicho cha mwandishi. Kwa miaka mingi, Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa na huduma hiyo, ilhali Kikornishi, lugha yenye wasemaji wachache mno nchini Uingereza, kilikuwamo. Mwandishi wa Kiswahili alibaki kuchagua kati ya kukisajili kitabu chake kwa lugha isiyo yake na kukipeleka kwingine. Lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu haifai kuingia sokoni kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa pili ni imani. Mteja hawezi kukipapasa kitabu cha kielektroniki kama anavyofanya dukani. Anachopewa ni kionjo cha kurasa za mwanzo, kwa kawaida takriban asilimia 10 ya kitabu. Waandishi wengi huzijaza kurasa hizo kwa tabaruku, shukrani, dibaji na utangulizi. Msomaji humaliza kionjo bila kukutana na nyuki hata mmoja! Shukrani zihamishiwe mwishoni, na sura ya kwanza imtatulie msomaji tatizo moja kikamilifu.

Aidha, jalada lisomeke likiwa dogo kama stempu, kwa sababu ndivyo litakavyoonekana kwenye simu. Mwandishi vilevile asiwaombe jamaa zake wamsifu; Amazon hairuhusu maoni ya ndugu na marafiki wa karibu, wala yale ya kulipiwa. Heri awape nakala za bure maafisa wa vyama vya ushirika na wakufunzi wa ufugaji, ambao neno lao lina uzito kwa wafugaji.

Mlango wa tatu, malipo, ndio unaofichwa na hesabu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na Novemba mwaka uo huo Amazon ikazindua Kindle. Huduma hizo mbili ni za umri mmoja, lakini kwa muda mrefu hazikukutana. Ni mwaka wa 2022 ambapo Safaricom na Visa ziliwawezesha wateja wa M-Pesa kupata kadi ya mtandaoni ya kulipia bidhaa za ng'ambo. Hata hivyo, kufungua akaunti na kuunda kadi kwa ajili ya kitabu kimoja ni safari ndefu kwa mfugaji.

Sasa tutazame anachopata mwandishi. Amazon hulipa mrabaha wa asilimia 70 kwa vitabu vya bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99, lakini hasa mnunuzi akiwa katika nchi zilizoorodheshwa. Kenya haimo. Nakala ya dola 2.99 ikinunuliwa Kitui, mwandishi hupata asilimia 35, yaani kama dola 1.05.

Akiuza Marekani, mambo bado si mteremko. Katika mpango huo wa asilimia 70, hutozwa ada ya senti 15 kwa kila megabaiti ya faili. Kitabu cha nyuki hakikosi picha. Faili ikikaribia megabaiti 10, ada hukaribia dola 1.50, nusu ya bei. Asilimia 70 ya kinachosalia ni kama dola 1.04. Isitoshe, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha wa mauzo ya huko hukatwa.

Akikubali ushauri wa kushusha bei hadi dola 1.99, anatoka kabisa katika mpango wa asilimia 70 na kubaki na senti 70 hivi. Dawa yenye nafuu zaidi ilikuwa kupunguza uzito wa picha.

Ndiyo maana kitabu kinachowalenga wafugaji wa hapa nchini chafaa kiuzwe pia kwa M-Pesa moja kwa moja, hata kama duka la ng'ambo litabaki kwa walio ughaibuni.

Mlango wa mwisho ni kukifungua. PDF iliyopangwa kwa ukubwa wa karatasi ya ofisini humlazimu msomaji wa simu kuvuta kila mstari huku na huko. Faili ya EPUB hujipanga kulingana na kioo cha simu. Msomaji aliyeteseka hatamwambia jirani anunue. Aliyefurahi huenda akamtumia jirani huyo nakala ya bure, na hiyo ni hasara nyingine. Mwandishi aweke ndani ya kitabu namna rahisi ya kununua, ili anayetumiwa naye apate njia ya kulipa.

Je, mwandishi atajuaje ni mlango upi uliofungwa? Awaite wafugaji watano wasiomjua, awape simu, awaombe wakitafute kitabu na kukinunua, kisha anyamaze. Pale watakapokwama wengi ndipo penye kazi. Arekebishe jambo moja kwa wakati mmoja na kusubiri wiki kadhaa kabla ya kugusa jingine. La sivyo, hatajua kilichomfaa.

Fauka ya hayo, akubali kwamba soko lake si taifa zima. Kitabu cha nyuki kitauza polepole, pengine kwa miaka mingi, na huo si msiba. Msiba ni maarifa ya miaka 20 kuzama kwa sababu mwandishi aliamua mapema mno kwamba watu hawasomi. Kizuri chaweza kujiuza, lakini si kikiwa kimefungiwa ndani.