Usinunue gari la umeme kabla hujaongea na mwenye nyumba!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi (ingawa nayo yatachungulia humu ndani), tuzungumzie kitu kinachowatoa vijana udenda siku hizi: gari la umeme.

Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu Tabata. Ana kazi yake mjini, ana akiba ya miaka minne, na ana mchumba ambaye kwao wanasubiri mahari. Juzi kanifuata na simu mkononi, macho yanang'aa.

"Braza, cheki mashine hii! Nissan Leaf, betri ya uniti 40, inatoka Japani. Inapiga kilomita 400! Yaani Morogoro naenda na kurudi, sheli naiangalia tu. Mahari itasubiri kidogo."

Mahari isubiri! Nikamwambia, dogo, kaa kitako kwanza tupige hesabu.

Hiyo 400 si uongo, lakini ni namba ya maabara. Leaf hiyo ilipotoka Japani mwaka 2017, vipimo vya kwao vya wakati ule, JC08, viliipa kilomita 400. Gari hilo hilo, betri hiyo hiyo, kwa vipimo vya serikali ya Marekani likapata maili 151, yaani kama kilomita 243. Kisa nini? Kipimo cha Japani ni cha mwendo wa taratibu mno, cha Marekani kinaingiza mwendo kasi, joto na kiyoyozi. Sasa mtu wangu, wewe Dar utaendesha na vioo juu bila kiyoyozi mwezi wa pili?

Halafu hiyo 243 ni ya gari jipya. Betri huzeeka hata kama bodi inameremeta. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Kimoja kikitoweka, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda na maji. Vinavyofuata, kila kimoja ni kama asilimia 6. Nikamwambia akuze ile picha. Tukahesabu vistari: 10.

Maana yake betri imebaki na kama asilimia 80. Chukua 243, toa hiyo iliyoliwa, unabaki na kilomita 194 hivi. Dar mpaka Morogoro ni kama 190. Lile gari la kwenda na kurudi sasa linafika Msamvu linakata roho! Na hakuna mwenye akili timamu anayeendesha mpaka sifuri. Ukiacha moja ya tano kama akiba, mkononi una kilomita 155.

Ile namba ya kilomita inayosomeka kwenye dashibodi nayo usiiamini kama msahafu. Inabashiri tu kutokana na ulivyoendesha muda uliopita. Ukitoka kwenye mwendo wa pole itakuahidi mbingu, ukishika barabara kuu ukakanyaga 100, utaiona inaporomoka mwenyewe. Kasi ndiyo inayokula betri, kwa sababu ya kupambana na upepo.

Dogo akanywea. Nikamwambia usinywee, mjini ndiko kwake. Gari la petroli kwenye foleni linakunywa mafuta limesimama. La umeme likisimama mota haili kitu, kinachokula ni kiyoyozi tu, na ukipunguza mwendo sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Kazini na kurudi, pamoja na misele yake ya jioni, dogo anatembea kilomita 40 kwa siku. Kwa hizo 155, siku tatu anapeta.

Kumbe basi kasheshe haiko kwenye kilomita. Iko wapi? Gari linalala wapi!

Sikiliza. Ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, Leaf hiyo inavuta ukutani kama uniti 19 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 40 ni uniti saba na nusu. Soketi ya nyumbani kwa ampea 10 inatoa uniti 2.3 kwa saa, hivyo masaa matatu na ushee yanatosha. Unalala, unaamka, gari liko freshi.

Lakini dogo amepanga chumba na sebule. Wapangaji watano, LUKU moja, mchango sawa kwa sawa. Uniti saba na nusu kila siku ni 225 kwa mwezi! Kuna mama pale anagombana na watu kwa ajili ya pasi tu. Siku akiona waya umetoka dirishani umeingia kwenye gari la bishoo, si itakuwa vita?

"Basi nitakuwa nachaji kwenye zile chaja za haraka," akasema.

Dogo, hizo bado ni za kutafuta kwa tochi. Leaf inatumia plagi ya CHAdeMO, na chaja nyingi mpya zina plagi za aina nyingine. Pia kasi yake ni ya mpaka asilimia 80 hivi, baada ya hapo umeme unadondoka kama bomba la mgao. Na betri ya Leaf haina maji ya kuipooza. Ukiichaji haraka mara mbili tatu kwa siku kwenye safari ndefu, inachemka na gari lenyewe linabana chaji.

"Kwa hiyo nisinunue, braza?"

Sijasema hivyo. Nilimwambia aanze na mwenye nyumba: amruhusu kuomba mita yake mwenyewe, kisha fundi umeme anayejua kazi avute waya mnene wenye erthi. Ekstensheni ya kubabia iliyobeba gari usiku kucha ni moto unaosubiri siku yake. Mwenye nyumba akikataa, dili limekufa, na mahari ipelekwe.

Wewe nawe unayetamani, fanya hivi. Andika kilomita zako za wiki nzima. Hesabu vistari kabla ya kutuma hela. Namba ya tangazo la Japani igawe kwa mbili, ikizidi hapo ni bahati yako. Umeme ukikatika usiku mmoja, ubaki na chaji ya kukufikisha kazini kesho yake. Vyote hivyo vikikaa sawa, nunua, ujirushe.

Mchumba huulizwi ana mbio kiasi gani, unaulizwa kwao ni wapi. Na gari la umeme ni hivyo hivyo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!