Kabla ya Kapu Kupitishwa

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kauli hii yaelekea kusahauliwa na baadhi ya matawi ya sororiti, yaani vyama vya udada vya wanafunzi wa kike katika vyuo vikuu vya Marekani, pindi paa la nyumba ya tawi linapoanza kuvuja. Wahitimu hutumiwa barua yenye picha ya jengo jipya, kiasi cha fedha kinachohitajika na tarehe ya mwisho. Maoni yao huulizwa baadaye, iwapo yataulizwa.

Wataalamu wa uchangishaji huanzia kwingine. Hufanya kwanza upembuzi yakinifu: mtu asiye mwanachama huwahoji wahitimu kadhaa faraghani, akitaka kujua wanalionaje tawi, iwapo mradi wauona kuwa wa lazima, nani anafaa kuuongoza, na wao wenyewe wangeweza kutoa nini. Mgeni huyo asipuuzwe. Ni nadra mwanamke wa miaka sitini kumwambia msichana wa miaka ishirini, tena "dada" yake wa kiapo, kwamba miaka aliyoishi katika nyumba ile ilikuwa ya upweke. Mgeni atamwambia.

Tatizo ni kwamba aghalabu wanaohojiwa ni wale wale wenye uwezo na mapenzi, wanaohudhuria kila karamu na ambao majina yao yamebandikwa ukutani. Huko ni kujitazama kiooni baada ya kujipamba! Aliyenyamaza tangu ahitimu ndiye mwenye habari, na kimya chake si lazima kiwe ubahili. Pengine aliwahi kuchanga akajuta. Kwa kawaida, sheria ya Marekani humruhusu anayeuchangia wakfu wa elimu kupata nafuu ya kodi, ilhali anayelichangia tawi lenyewe haipati. Asiyeelezwa hilo mapema hujihisi amehadaiwa.

Wala isidhaniwe kuwa wanawake hawa hawatoi. Chama cha Delta Sigma Theta, kilichoasisiwa na wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1913, kiliwahi kuchangia huduma za hospitali ya uzazi huku kwetu Thika, mbali kabisa na nyumba ya tawi lolote. Haja ilikuwa wazi.

Hata hivyo, kusikiliza si kutii. Mwaka 2013, The Crimson White, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, liliripoti madai ya baadhi ya wanachama kwamba wahitimu ndio waliozuia kusajiliwa kwa msichana mweusi aliyefuzu vyema masomoni. Yamkini miongoni mwa wazuiaji wa namna hiyo wamo wafadhili wakarimu. Mtazamo kama huo wafaa kufichuliwa kabla ya senti ya kwanza kupokewa, ili tawi liamue ni hundi zipi liko tayari kuzikosa.