Nairobi Dam Haikuuawa na Magugu

Juzi nikiwa kwa mat ya 46 nikirudi Kawangware, msee aliyekaa kando yangu aliona klipu ya Nairobi Dam kwa simu yangu. Akacheka. "Hao watu wa Kibera wameua dam yao wenyewe. Si waletewe tingatinga ing'oe hayo magugu, kazi iishe?" Nilinyamaza juu nilikuwa karibu kushuka. Lakini jibu limenikaa kooni siku tatu, so lichukueni nyinyi.

Hiyo dam ilijengwa 1953 iwe akiba ya maji ya jiji. Watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga pale, na klabu yao kabisa. Leo ukisimama upande wa Silanga unaona kijani tupu. Mgeni anaweza dhani ni shamba la mtu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kuna kitu kimoja sikuacha darasani: mto haujisafishi hivi hivi. Kazi kubwa inafanywa na viumbe usivyoviona kwa macho, na wakubwa wao ni bakteria.

Iko hivi. Kinyesi na mkojo vikiingia majini, bakteria wanavivunja na inatoka amonia. Kundi lingine, kina Nitrosomonas, wanaigeuza hiyo amonia kuwa nitriti, halafu wenzao wanaimalizia kuwa nitrati. Hawa wote wanataka oksijeni. Chini kwa matope, mahali oksijeni haifiki, kuna kundi linalogeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni na kuirudisha hewani. Hewa unayovuta sai, karibu asilimia 78 ni hiyo gesi. Ni kama mat: kuna dereva, kuna konda, kuna wa kuita abiria. Mmoja akigoma, gari haitoki stage.

Sasa uchafu ukizidi, bakteria wa kuvunja wanamaliza oksijeni yote. Wale wa amonia wanagoma, na amonia inabaki imejaa majini. Wanaingia wengine wasiohitaji oksijeni, wanaotumia salfa. Ile harufu ya yai bovu na yale matope meusi? Ni kazi yao.

Halafu kuna fosforasi, na hiyo ndiyo noma zaidi, kwa sababu haina gesi ya kutorokea. Oksijeni ikiwepo, inashikwa na chuma kilicho kwa matope na kutulia. Oksijeni ikiisha, chuma kinaiachilia, inarudi majini. Amonia pamoja na fosforasi ni nini? Muulize mkulima yeyote: ni mbolea. Magugu maji yanakuja kula. Yakishafunika dam, hewa na mwanga haviingii vizuri, oksijeni inashuka tena, na fosforasi inazidi kutoka. Mduara.

Kwa hivyo magugu ni dalili. Kuyang'oa si vibaya, yanatoka na mbolea iliyo ndani yao. Lakini ukiyarundika kwa ukingo yaoze, mvua inarudisha kila kitu majini. Na kama maji taka yanaendelea kuingia, yatamea tena kabla hata picha za mheshimiwa hazijasahaulika.

Na hii ya "watu wa Kibera ni wachafu" iishe. Mto Motoine unaingia Kibera ukiwa umeshatoka mbali. Na nyumba nyingi Kibera hazijawahi kuunganishwa na bomba la maji taka. Binamu yangu anaishi Silanga, analipa choo kila akiingia. Usiku mtoto akishikwa na tumbo, unataka aende wapi? Huko kwetu Kawangware pia tusijifanye, mitaro yetu mnaijua.

2024 baada ya mafuriko, watu kando ya mito Nairobi walibomolewa nyumba, wakaambiwa wako ndani ya ardhi ya mto. Sawa, mto unahitaji nafasi yake. Lakini nyumba ikitoka na bomba la maji taka lisije, mto umepata nini? Bakteria hawajali nani amehamishwa. Wanahesabu tu kinachoingia.

Na suluhisho tunalijua. Kule Ruai jiji lina mabwawa makubwa ambayo bakteria na mwani wanasafisha maji taka, kwa sababu wamepewa nafasi na muda. Hapo hapo Kibera kuna vyoo vya jamii ambavyo kinyesi kinaingia kwa tangi, bakteria wanakila, inatoka gesi ya kupikia. Ni bakteria wale wale. Tofauti ni kwamba huku wamepangiwa kazi, kule wametupiwa mzigo.

Kwa hivyo kiongozi akija na tingatinga na kamera, msimwulize ameng'oa magugu tani ngapi. Mwulizeni ameunganisha vyoo vingapi. Maji ya dam yanatoka kama Mto Ngong, yanaingia Athi, mwisho yanamwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Hii si shida ya Kibera peke yake.

Na wewe msee wa 46, ukisoma hii, tukipatana tena nitakulipia fare. Twende Silanga tuone pamoja.