Mizani Iliposimama



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (s.a.w.), twaingia moja kwa moja katika barua iliyotufikia kutoka Utange. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Kisukari na maumivu ya magoti yalipomlemea, alisafiri hadi Nairobi akafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Alikuwa na kilo 128. Kwa muda wa miezi saba akashuka hadi kilo 97, na tangu hapo, wiki kumi sasa, mizani haijasogea. Wifi yake amemuuliza mbele za watu iwapo pesa za kiwanja kilichouzwa zimekwenda bure. Kwa haya, ameacha kuhudhuria kliniki. Atuuliza kama tumbo limerudi kukua, na kama kuna ubaya akiacha chakula cha mchana na kunywa unga wa kukondesha aliouziwa mtaani.

Swali la mwisho twalitangulizia jawabu: ubaya upo, tena mkubwa. Hayo mengine twayaeleza kwa utulivu.

Mizani kusimama baada ya upasuaji huu ni jambo la kawaida, hata ambaye haikumsimamia ndiye wa kustaajabiwa. Mara nyingi husimama mapema, yapata wiki ya tatu. Mwili huanza kwa kutumia akiba ya sukari iliyo katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na maji kiasi cha gramu tatu. Ndiyo sababu kilo za mwanzo huporomoka. Kisha maji yakitulia, mizani nayo hutulia.

Kusimama kwa baadaye, kama huku kwa dada yetu, kuna sababu nyingine. Chukua mtungi wa lita 20 uliojaa maji, uongeze nusu ya mtungi wa pili. Huo ndio mzigo wa kilo 31 aliokuwa akitembea nao kutoka chumbani hadi jikoni, usiku na mchana. Mzigo ulipotuliwa, kazi ya moyo na miguu ikapungua, na chakula kinachohitajika kuiendesha kazi hiyo kikapungua vilevile. Zaidi ya hapo, mwili haujui kupambanua baina ya matibabu na njaa; uonapo akiba yake yaondoka, hubana matumizi. Na iwapo mtu hapati protini ya kutosha, misuli huliwa pamoja na mafuta, hali misuli ndiyo itumiayo nguvu nyingi.

Huko Sweden, kuanzia mwaka 1987, madaktari waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopindukia, baadhi yao wakiwa wamepasuliwa. Waliofanyiwa upasuaji wa kuukwepesha utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha kidogo kikarudi. Baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Pamoja na kurudi huko, vifo miongoni mwa waliopasuliwa vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao wasiopasuliwa. Dada yetu, upasuaji wako si wa aina ile hasa, lakini kilo 31 katika 128 ni karibu robo ya mwili wako wote. Kiwanja hakikupotea.

Hatusemi lakini kwamba mtu akae tu. Mfuko uliopunguzwa hukataa wingi wa chakula, ila haukatai kila kitu. Kipande cha nyama kikavu chaweza kukwama na kuumiza, hali kaimati zilizolowa shira, halua, mabuyu, juisi ya ukwaju na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari hupita bila kizuizi. Mtu huapa kwamba hali kitu, naye asema kweli kwa upande wa sinia, lakini tangu asubuhi hadi Isha amekuwa akidonoa na kupiga funda. Twamshauri aandike kwa wiki moja kila kinachoingia kinywani, vinywaji vikiwamo. Daftari la shule latosha.

Kisha aanze kila mlo na protini. Wengi huelekezwa wapate angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama gramu sita, bilauri ya maziwa kama nane, na gramu mia za samaki aliyepikwa zina ishirini au zaidi kidogo. Twashukuru kuwa sisi ni watu wa Pwani: changu wa kuchoma, pweza aliyechemshwa akalainika, kunde, pojo na mtindi vyapatikana bila kuagiza dukani makopo ya bei kali. Wali na chapati zije mwisho, nafasi ikibaki. Maji asinywe pamoja na chakula. Asubiri kiasi cha nusu saa.

Sinia la pamoja lina baraka zake, lakini aliyepasuliwa hawezi kujua amekula kiasi gani humo, na kila mkono wamsukumia tonge. Apakuliwe sahani yake ndogo na aketi mkekani pamoja na wenziwe. Hajavunja udugu.

Misuli nayo hutaka kazi. Kutembea ni kwema, na wakati wa jua kupungua baada ya Alasiri, kina mama wawili watatu wa mtaa mmoja waweza kwenda pamoja. Kwa asiyeweza kutoka, kuketi na kuinuka kitini mara kumi, apumzike na kurudia, pamoja na kuinua chupa za maji za lita mbili, siku mbili au tatu kwa wiki, si mchezo mdogo.

Sasa tuuseme unga. Mwingi wa aina hii huwa na sanamaki. Sanamaki ni dawa inayoheshimika kwetu kwa aliyefunga choo, lakini kinachotoka ni maji na madini ya mwili, mafuta hubaki palepale. Nyingine ni mbaya zaidi: wapimaji wamekuta mara nyingi ndani ya dawa ziitwazo za miti shamba kemikali ya sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Kuacha mlo nako, kwa mtu mwenye tumbo dogo, ni kujinyima vitamini ambazo tayari azipata kwa shida. Akitapika mara kwa mara, akafa ganzi miguu, akaona vitu viwili viwili au akachanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na waseme wazi kuwa alipasuliwa tumbo. Hiyo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini B1, na mishipa ya fahamu ikiharibika huenda isirudi.

Kwa hiyo kliniki arudi. Huko atapimwa damu, na kama mfuko umepanuka wataonekana wa kuliamua hilo, si jirani wala wifi.

Na wifi naye tuna neno lake. Sura ya Al-Hujurat, ilipokataza watu kudharauliana, iliwataja wanawake kwa jina lao. Mwenye kuuliza kilo za mtu arusini, mbele ya mashoga, ajue amefanya nini. Swali lililo jema lipo: je, sukari yasemaje? Waweza kusujudu sasa? Vidonge vya kisukari vimepunguzwa? Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, siku moja ile ile, na siku za hedhi isihesabiwe, kwani mwili huzuia maji.

Ramadhani ikikaribia, asikate shauri peke yake. Tumbo dogo haliwezi kufidia maji ya mchana kutwa kwa kunywa mengi wakati wa daku, na madaktari wengi huwazuia kufunga waliopasuliwa karibuni. Amwone daktari kwanza, kisha aende kwa sheikh na kauli ya daktari mkononi, aelezwe kama ni kulipa siku au kutoa fidia. Na vidonge vya vitamini akivinunua, amuulize mwenye duka la dawa kuhusu ganda lake: baadhi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na vilivyo vya kutafuna au vya unga uliogandamizwa hupatikana. Aangalie tu kisiwe na jelatini ndani.